Nunua Kwanza, Ndipo Ubadili: Nasaha Kuhusu Kushusha Springi za Gari

Hotuba ya afisa wa usalama barabarani kwa mafundi, wafanyabiashara na wanunuzi wa magari, Nakivubo, Kampala



Mahali tuliposimama panajulikana Afrika Mashariki nzima. Nakivubo ina uwanja wake wa michezo wa tangu mwaka 1926, ina mfereji wake mkuu unaopeleka maji ya mvua ya Kampala hadi Ziwa Viktoria, na pembeni yake pana Soko la Kisekka, ambako kifaa cha gari kilichokosekana kwingine kote hupatikana. Gari lililokata tamaa mikononi mwa watu wengine, hapa hupata uhai. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha mafundi ufundi. Nimekuja kusema nanyi juu ya jambo moja, nalo ni mpangilio: kipi kitangulie na kipi kifuate pale mtu anaponunua gari na kutaka kulibadili.

Jambo lenyewe ni hili. Mnunuzi, mara nyingi kijana, hufika kwenye bondi au kwenye yadi ya magari. Huliona gari alilolitamani siku nyingi, huenda ni Subaru, huenda ni Mark X. Hulipenda rangi yake na injini yake, ila huliona limesimama juu mno. Basi humwambia muuzaji: “Nishushie kwanza springi, nione lilivyokaa, ndipo nimalize malipo.” Muuzaji hataki kumpoteza mteja. Humwita fundi. Fundi huja na msumeno au na moto wa gesi, hukata duara moja au mawili ya springi, na baada ya saa mbili gari limeinama kama simba anayenyemelea. Watu husifu, picha hupigwa.

Mimi nauliza maswali mawili tu. La kwanza: saa ile msumeno unapoigusa springi, gari ni la nani? La pili: gari hilo litaenda kufanya kazi barabara ipi?

Nianze na swali la kwanza, maana ndilo linalosahauliwa.

Magari mengi yanayouzwa Kampala hushushwa melini katika Bandari ya Mombasa, hupita Malaba au Busia yakiwa chini ya dhamana, na huwekwa katika maghala ya forodha, ambayo sisi sote tunayaita bondi. Gari likiwa bondi na kodi yake haijalipwa, si mali ya mnunuzi, na hata mwenye bondi hana uhuru kamili juu yake. Liko chini ya ulinzi wa forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Uganda, Kenya, Tanzania na kwa majirani wengine wa Jumuiya, inakataza mtu yeyote kuingilia bidhaa zilizo chini ya ulinzi huo bila idhini. Kukata springi za gari ambalo serikali bado inalidai kodi ni kuligusa jambo ambalo si lako, si la muuzaji, wala si la fundi. Fundi anayeitwa kuingia bondi na vifaa vyake afahamu kwamba anaitwa kwenye hatari, hata kama ujira ni mzuri.

Yapo magari ya aina ya pili: kodi imelipwa, gari limetoka bondi, liko yadi kwa muuzaji. Hapa forodha haina neno tena. Lakini bado pana sheria nyingine, nayo ni ya mauziano. Uganda ina Sheria ya Mauziano ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kenya na Tanzania nazo zina zao. Zote zina asili moja, sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zote zinashika kanuni hii: ikiwa muuzaji amekubali kuifanyia kazi bidhaa fulani ili iwe tayari kukabidhiwa, basi umilikaji hauhami mpaka kazi hiyo imalizike na mnunuzi ajulishwe. Na kwa kawaida, hasara humfuata mwenye mali, ila kama wenyewe wameagana vingine.

Maneno hayo yanasikika kuwa ya mawakili, lakini uzito wake ni wa sokoni. Tufanye kwamba mnunuzi kutoka Busia ametoa arubuni, tuseme theluthi moja ya bei, akaomba gari lishushwe. Fundi amekata. Kesho yake mnunuzi anakuja, analijaribu gari, linagonga chini, usukani unavuta kushoto. Anasema: “Gari hili silitaki, nirudishieni fedha yangu.” Muuzaji anasema: “Nimelikata kwa amri yako. Nani mwingine atalinunua sasa?” Mnunuzi anajibu: “Lilikuwa halijawa langu.” Fundi naye anasema: “Mimi nilitumwa.” Watu watatu, kila mmoja ana haki kidogo na hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Ugomvi wa namna hiyo ukifika kituoni, askari hana springi ya kuirudisha ilivyokuwa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Aina ya tatu ni gari jipya kabisa, kutoka kwa wakala wa kiwanda. Hapa kinachohatarishwa ni waranti. Kiwanda kimeahidi kutengeneza gari litakapoharibika kwa kasoro ya kiwandani. Ukizikata springi, kisha shokapu zikavuja, bushi zikaliwa au boljointi ikalegea, kiwanda kitasema, na kitakuwa na hoja, kwamba uharibifu umeletwa na msumeno wako. Mtu amelipa fedha nyingi zaidi ili apate amani ya gari jipya, halafu ameiuza amani hiyo kabla ya kutoka getini.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni fupi. Kabla ya kulipa kikamilifu na kukabidhiwa hati, gari si lako. Na kisicho chako hukikati.

Sasa nije kwenye swali la pili: barabara.

Ndugu zangu, springi si pambo. Springi imebeba uzito wote wa gari, na kazi yake ni kumeza mtikisiko wa barabara ili tairi lisiachane na ardhi. Shokapu iko pale kuituliza springi, isiendelee kuruka baada ya kupita shimo. Viwili hivi vimepimwa pamoja kiwandani, kama jembe na mpini wake. Ukikata springi, unafanya mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, unaifanya iwe ngumu zaidi, maana springi fupi ya chuma kilekile hubonyea kwa shida. Pili, unaipunguzia nafasi ya kubonyea, hivyo shimo ambalo zamani lingemezwa sasa linagonga chuma kwa chuma. Tatu, gari likinyanyuka juu ya tuta, springi iliyokatwa inaweza kulegea kwenye kikalio chake, na ikirudi isikae palepale.

Wako wanaotumia moto badala ya msumeno. Huipasha springi joto mpaka iwe nyekundu, ikalegea, gari likashuka lenyewe. Hilo ni baya kuliko la kwanza. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa vipimo ili kiwe na ukakamavu wake. Ukikipasha upya bila vipimo, ukakamavu huo hutoweka. Springi hiyo huendelea kushuka siku hadi siku, au hukatika ghafla, na haichagui mahali pa kukatikia. Inaweza kukatika uwanjani mwako, inaweza kukatika ukiwa mwendo wa kasi kati ya Iganga na Busia, lori la mafuta likiwa mbele yako.

Yapo na mengine yasiyoonekana kwa macho. Gari likishuka, pembe za magurudumu hubadilika. Tairi huanza kulika upande wa ndani, ambako mwenye gari hainami kutazama, mpaka siku nyuzi zinapojitokeza. Taa za mbele nazo hubadilisha mwelekeo: ukishusha nyuma kuliko mbele, taa zinainuka na kumpofusha anayekuja; ukishusha mbele kuliko nyuma, zinaangaza karibu mno na wewe mwenyewe huoni mwendesha baiskeli aliye mbali. Kwenye barabara zetu za usiku, ambazo mtembea kwa miguu hana kando ya kupita, jambo hilo ni la kufa na kupona.

Na kuna lile la breki, ambalo nawaomba hasa wenye pikapu na mabasi madogo mlisikilize. Baadhi ya magari hayo yana kifaa kilichounganishwa na ekseli ya nyuma, kinachopima gari limeinama kiasi gani ili kijue limebeba mzigo au halikubeba. Likiwa limebeba, kifaa hicho hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Likiwa tupu, huipunguza. Sasa ukishusha springi za nyuma, kifaa kinadanganyika. Kinadhani gari limejaa siku zote. Ukikanyaga breki kwa nguvu katika mvua, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hujifunga na gari huzunguka. Kinyume chake nacho ni kweli: wanaoongeza springi nyuma ili wapakie kupita kiasi hukifanya kifaa hicho kidhani gari ni tupu, na breki za nyuma hudhoofika wakati zinapohitajika zaidi. Mwenye kushusha na mwenye kupandisha wanakutana katika kosa moja.

Tupige hesabu nyepesi. Chukueni gari dogo lenye nafasi ya sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Fundi amelishusha sentimita 5, zimebaki 10. Siku ya safari ya kwenda nyumbani mpakani wamepanda watu watano, na buti imejaa mizigo. Gari linaweza kuinama sentimita 5 nyingine. Zimebaki 5, yaani upana wa vidole vitatu. Sasa hesabuni matuta ya kutoka hapa hadi Malaba. Hesabuni yaliyoko njia ya Masaka kuelekea Mutukula. Kumbukeni na njia ya vumbi kutoka barabara kuu mpaka kijijini, ambayo mvua imeichimba mfereji katikati. Kitakachogonga kwanza ni sampu ya oili. Sampu ikipasuka na dereva asiitambue taa ya oili, injini huungua ndani ya dakika chache. Kitakachofuata ni ekzosi, au bomba la breki, au tangi la mafuta.

Hata hapa Nakivubo hamhitaji kwenda mbali. Mnaijua mvua ya Kampala. Mfereji ukifurika, maji hutanda barabarani, na gari lililoshushwa huvuta maji mapema kuliko wenzake. Injini ikinywa maji imekwisha.

Nakubali kwamba anayeshusha gari ana hoja yake, nami sitaki kumdhihaki. Ni kweli kwamba gari lililo chini hushika kona vizuri zaidi kwenye lami laini, maana uzito wake umekaribia ardhi. Ni kweli pia kwamba huko Japani gari huruhusiwa kupita barabarani likiwa na nafasi ya chini ya sentimita 9 tu. Lakini sentimita 9 za barabara za Japani si sentimita 9 za barabara zetu. Na kama tunataka kuwaiga wajuzi wa mwendo, basi tuwaige waliokimbia katika ardhi yetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda kwa Subaru Impreza, gari lilelile ambalo vijana wetu wanalikata springi. Magari ya Safari hayakushushwa. Yalipandishwa juu, yakaimarishwa springi na shokapu, yakafungwa bamba la chuma chini kulinda injini. Wenye kasi kuliko sisi sote, wakiwa na mafundi bora na fedha nyingi, waliitazama ardhi ya Afrika Mashariki wakaamua kuinua.

Sasa mtaniuliza: je, afande, umekuja kutukataza? La. Mtu aliyenunua gari lake kwa haki anaweza kulibadili, mradi asilifanye kuwa hatari kwake na kwa wengine. Ninachoomba ni utaratibu, nao ni huu.

Mosi, maliza ununuzi kwanza. Hakikisha kodi imelipwa kwa Mamlaka ya Mapato, linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye gari na ile iliyo kwenye hati, pokea mkataba na risiti, na uhakikishe usajili unahamia kwenye jina lako. Msikubali kushushiwa springi kuwe ndiko kishawishi cha kuharakisha malipo. Muuzaji anayesema, “Nitakushushia bure ukilipa leo,” hajakupa zawadi. Amekuondolea nafasi ya kulijaribu gari lilivyotoka kiwandani.

Pili, lijaribu gari likiwa katika kimo chake cha asili. Mapungufu ya gari hujificha nyuma ya mabadiliko. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa chesisi huvuta upande mmoja. Likikatwa springi, muuzaji atasema linavuta kwa sababu ya springi. Gari lenye shokapu zilizokufa hurukaruka. Likikatwa springi, kila mtu atadhani ndivyo magari yaliyoshushwa yalivyo. Ukibadili kabla ya kukagua, umejifunga macho kwa kitambaa chako mwenyewe.

Tatu, kama muuzaji ndiye atakayefanya kazi hiyo, iwe baada ya malipo na kwa maandishi: ni nani anayefanya, ni kifaa gani kinachofungwa, gari litashuka kwa sentimita ngapi, nani anabeba hasara likiharibika. Karatasi moja yenye sahihi mbili huokoa urafiki wa miaka.

Nne, badilisha, usikate. Zipo springi fupi zilizotengenezwa kwa aina maalumu ya gari, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Zifungwe zote nne, si mbili. Zile za asili zitunzeni, maana siku ya kuliuza gari mtazihitaji.

Tano, baada ya kufunga, gari lipimwe alaimenti, taa za mbele zirekebishwe, na kwa magari yenye kile kifaa cha breki cha nyuma, nacho kirekebishwe. Usukani ukatwe kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, mtazame kama tairi inagusa bodi au mpira wa breki. Kisha lipakieni watu watano na mlipitishe juu ya tuta polepole. Likigonga, mmepata jibu.

Sita, ijulisheni kampuni ya bima. Bima ni ahadi iliyojengwa juu ya maelezo ya kweli. Mliyemficha kabla ya ajali ana haki ya kuwahoji baada ya ajali, na ninyi wa mpakani mnaovuka na magari yenu mnajua ugumu wa kudai fidia katika nchi isiyo yenu.

Neno kwa wanaonunua gari lililokwisha kushushwa, ama Japani ama hapa. Chuchumaeni. Tazameni ncha za springi: ya kiwandani ina ncha iliyomalizwa vizuri na rangi, iliyokatwa ina ncha kali yenye alama ya msumeno na kutu, na iliyopashwa moto ina madoa ya kuungua. Pitisheni kiganja upande wa ndani wa tairi. Tazameni chini ya sampu kama ina mikwaruzo mipya. Bonyezeni kila pembe ya gari kwa nguvu na kuachia: likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni hai; likiendelea kuyumba, hesabuni gharama hiyo kwenye bei. Kuchuchumaa kwa dakika tano si aibu kwa mtu anayetoa akiba ya miaka mitano.

Nizungumze sasa juu yetu sisi askari, maana hotuba inayowagusa raia peke yao ni nusu hotuba. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lenye hali ya hatari kimitambo. Sheria ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu, nayo Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ina makatazo yake. Hivyo gari likiwa bovu upande huu wa mpaka, ni bovu na upande wa pili. Mpaka wa Busia hautengenezi springi.

Lakini kosa ni ubovu, si umbo. Askari akikusimamisha kwa sababu gari limeshuka, una haki ya kumwomba, kwa adabu, akuonyeshe kasoro yenyewe: tairi inayogusa bodi, taa inayopofusha, springi iliyolegea, breki isiyolingana. Akiiona, ikubali na ulitengeneze gari. Mabishano yakizidi, wapo wakaguzi wa magari wa polisi wenye ujuzi wa kuamua. Asiyeonyesha kasoro bali anaonyesha kiganja, huyo hatendi kazi ya polisi, na viongozi wake wanataka kumjua. Raia naye asiwe wa kwanza kutoa noti ili springi iliyokatwa ipite. Noti ile haikumdanganya askari peke yake. Imempitisha mauti barabarani na kumpa risiti.

Kwa mafundi wa Nakivubo nina ombi la mwisho. Mnunuzi mara nyingi hajui, ninyi mnajua. Akija mtu na gari lisilo na hati, au akiwaita ndani ya bondi, muulizeni: “Gari hili ni la nani?” Akiwataka mkate springi kwa moto, mwambieni ukweli kabla ya kuwasha gesi. Mtapoteza ujira wa siku moja. Lakini fundi anayejulikana kwa kusema “hapana” mahali panapostahili ndiye ambaye mama wa Malaba atamtumia mwanawe aende kwake, na jina hilo halinunuliwi sokoni.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Katika mambo mengi ni kweli. Ila springi iliyokatwa kwa mkono wa mtu, kwenye gari lisilo lake, kwa ajili ya barabara asiyoifikiria, ikivunjika haiitwi ajali kwa haki. Ni jambo lililopangwa bila kujua. Basi tulipange vingine: tununue kwanza, tukague, tumiliki, ndipo tubadili, na tubadili kwa kifaa, si kwa msumeno. Wale watakaopanda nyuma ya gari hilo kurudi nyumbani mpakani ni mama zetu na watoto wetu, nao hawakuulizwa gari likae juu au chini.